Kabla ya taarifa ya habari: muziki ulivyowasaidia Watanzania kujiona taifa

Kwa miaka mingi, kabla msomaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam hajafungua kinywa kusoma taarifa ya habari, zililia ngoma. Mpigaji alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyezungukwa na ngoma za kila ukubwa na kuzipiga zote peke yake, mikono ikihama kutoka ngoma hadi ngoma bila kukosea. Zikilia, watoto walinyamazishwa. Mwenye redio aliipandisha sauti ili na jirani asiye nayo asikie. Mvuvi wa Kilwa na mkulima wa pamba wa Shinyanga walizisikia dakika ileile, na kila mmoja alijua kwamba huko mbali kuna watu wengine waliotega sikio kama yeye.

Naanza na ngoma hizo kwa sababu swali la muziki na utaifa hujibiwa kwa haraka mno. Ukiuliza muziki unajengaje taifa, wengi watakuonyesha wimbo wa taifa: watu wamesimama wima, bendera inapanda mlingoti. Wimbo huo una kazi yake na nitaufikia. Lakini gwaride ni la siku chache kwa mwaka, na taifa linaishi siku zote zilizobaki. Ukitaka kuelewa namna watu wa makabila zaidi ya 120 walivyofika mahali pa kusema "sisi" bila kujiuliza mara mbili, sikiliza muziki uliopigwa pasipo bendera: ngoma za wanawake wa Dar es Salaam, magita ya Morogoro, salamu za redio.

Mipaka ya Tanganyika ilichorwa na wakoloni. Mhaya wa Bukoba na Mmakonde wa Newala hawakuwa na mtawala mmoja wa jadi wala soko moja, na hakuna sababu ya kale iliyomtaka mmoja aumwe na shida ya mwenzake. Kiswahili kilikuwa kimeshasambaa, kwanza na misafara ya biashara, kisha na shule na ofisi za Wajerumani na Waingereza. Ila kuijua lugha ya mtu hakutoshi kumfanya awe mwenzako. Lazima ufanye naye kitu, au walau uamini kwamba mnafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo muziki unaishinda hotuba. Hotuba inataka mmoja aseme na wengine wanyamaze. Wimbo una kiitikio.

Ngoma zilizokitangulia chama

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata ilianza kuingiza wanawake kwa wingi, na aliyesimama mbele alikuwa Bibi Titi Mohamed, ambaye wakati huo hakuwa amezoea majukwaa ya siasa hata kidogo. Alichokizoea ni jukwaa la ngoma. Alikuwa mwimbaji katika vikundi vya wanawake vya Dar es Salaam, na vikundi hivyo ndivyo vilivyokipa chama kitu ambacho wasomi wake hawakuwa nacho.

Kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilikuwa na kiongozi anayeheshimiwa, michango inayokusanywa na kuandikwa, sare za kushona pamoja, mwenye shida wa kusaidiwa na mialiko ya kwenda kucheza mtaa mwingine au mji mwingine. Wanachama walikuwa wa asili tofauti, maana mji ule ulikuwa wa watu waliotoka kila upande, na waliimba kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Kiongozi wa kikundi akishachukua kadi ya TANU, hakuichukua peke yake. Kikundi kizima kilimfuata, na kikienda kualikwa mahali pengine habari ilisafiri nacho. Chama hakikuanza na ukurasa mtupu. Kilikuta njia zilizokwisha kufyekwa na ngoma, kikapita humo.

Njia zenyewe zilikuwa za zamani. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Watu waliiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakajipa vyeo, wakavaa sare, wakagawanyika pande mbili na kushindana kwa nyimbo za Kiswahili. Vita Kuu ya Kwanza iliichukua beni hadi bara kwa miguu ya askari na wapagazi, na Dar es Salaam ikawa na pande zake, Marini na Arinoti. Mtu aliyetoka kijijini akaingia Marini alipata ndugu asiozaliwa nao. Sisemi kwamba wachezaji wa beni walikuwa wanajenga Tanzania. Hakuna aliyelijua hata hilo jina. Ninachosema ni kwamba walizoea undugu usiouliza kabila miongo mitatu na zaidi kabla siasa haijauhitaji.

Wimbo uliotoka kusini, na bembelezo la mto Tana

Sasa wimbo wa taifa. Muziki wa Mungu Ibariki Afrika ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, kama wimbo wa ibada. Chama kilichokuja kuitwa ANC kiliuimba, ukavuka mipaka pamoja na wafanyakazi, wanafunzi na wapigania uhuru, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na maneno yake ya Kiswahili juu ya muziki huo. Zambia nayo iliuchukua kwa maneno yake. Zimbabwe iliutumia tangu uhuru wa mwaka 1980 hadi 1994. Afrika Kusini yenyewe, pale ulipozaliwa, ilisubiri hadi ubaguzi wa rangi uondoke ndipo ukaimbwa kama wimbo wa nchi.

Tazama mpangilio wa beti zake za Kiswahili. Ubeti wa kwanza unaombea Afrika, viongozi wake na watu wake. Nchi yenyewe inasubiri ubeti wa pili. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, mahali palipokuwa na Tanganyika pakawekwa Tanzania, wimbo ukaendelea. Napenda ukweli huo kuliko sifa nyingi tunazoimbiwa sikukuu za kitaifa, kwamba mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa kujiona Mwafrika kabla hajaambiwa ni Mtanzania. Na Zanzibar ina wimbo wake pia, unaopigwa kwenye shughuli za Serikali ya Mapinduzi, kwa hiyo Mzanzibari anazo nyimbo mbili za kusimamia, na wala hilo si kosa la hesabu. Ndivyo Muungano wenyewe ulivyo.

Wakenya walienda njia nyingine. Mwaka 1963 iliundwa kamati ya wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, itafute wimbo wenye asili ya nchi. Ikachagua bembelezo la Wapokomo, watu wa mto Tana, wimbo ambao mama alimwimbia mtoto alale. Likapangiwa sauti nyingi na maneno mapya, likawa Ee Mungu Nguvu Yetu. Majirani wawili, mmoja akaazima wimbo wa kanisa kutoka nchi nyingine, mwingine akatwaa wimbo wa kitandani kutoka nyumba zake mwenyewe.

Kama asili ya wimbo ndiyo ingeamua uzito wa utaifa, Wakenya wangekuwa wametuacha mbali, na Watanzania tungekuwa tunadaiwa. Haikuwa hivyo, na nadhani hapo pana ufunguo. Wimbo wa taifa hauumbi umoja. Unathibitisha umoja ulioumbwa kwingine, au unaufunika ukosefu wake kwa dakika mbili za kusimama wima.

Amri na ngoma

Mwalimu Nyerere alilijua tatizo. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akalalamika kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu wakaachwa bila za Wanyamwezi na Wahehe. Kwamba wengi wanajua rumba, chachacha na waltz lakini hawajui gombe sugu, kiduo wala lelemama. Nchi isiyo na utamaduni wake, alisema, ni kundi la watu wasio na roho ya kuwafanya taifa.

Kilichofuata ni kikundi cha taifa cha ngoma. Wachezaji waliletwa Dar es Salaam kutoka mikoani, wakafundishana ngoma zao, wakatumwa viwanja vya ndege kupokea wageni na ng'ambo kuiwakilisha nchi. Wengine walikuwa mafundi wasio na mfano. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpiga ilimba na zeze, alipitia humo kabla dunia haijamjua. Kikundi kilipovunjwa, kazi ya kufundisha ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa.

Nawaheshimu waliofanya kazi ile. Lakini tuseme wazi kilichotokea kwa sindimba. Kwa Wamakonde ilikuwa ngoma yenye mahali pake na wakati wake, yenye wanaoruhusiwa kuicheza na maana anayoielewa aliyefundwa. Ilipopelekwa jukwaani ikabaki dakika chache za viuno mbele ya mgeni rasmi, na magazetini wakatokea wa kuisema kwamba ni uchafu. Mmakonde aliyeitazama aliiona ngoma yake. Hakuiona shughuli yake. Na Mnyakyusa aliyeitazama alijifunza nini juu ya Wamakonde? Kwamba wanakata viuno. Kuziweka ngoma zote kwenye jukwaa moja zikapita kwa zamu ni kuonyesha wingi wa makabila. Umoja ni kitu kingine, nao unataka mtu aicheze mwenyewe.

Upande wa makatazo haukuwa na mafanikio zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya nguo fupi za kisasa, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliokuwa wakiupenda waliendelea kuupenda. Karibu nusu karne baadaye, Februari 2018, mamlaka zilifungia nyimbo zaidi ya kumi za Bongo Fleva kwa sababu za maadili, na vijana wakazitafuta kwenye simu.

Bendi za dansi

Muziki ambao Mwalimu aliulalamikia mwaka 1962, rumba na chachacha, ndio uliokuja kufanya kazi aliyoitamani. Nadhani hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika habari hii, na linastahili kuelezwa polepole.

Bendi za dansi zilikuwapo tangu ukoloni. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Santuri za Kikuba zilizoingia Afrika kuanzia miaka ya 1930 ziliwashika wapigaji wa kila mji, na ndiyo maana Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Baada ya uhuru, bendi zilipata wazazi wapya. Mwaka 1964 chama pekee cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz. Baadaye polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na yake, Magereza, Umoja wa Vijana, mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gita, domo la bata (saksafoni) na tumba zilikuwa mali ya shirika. Yeye alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani.

Mfumo huo ulikuwa na maumivu yake. Bendi ilitakiwa itunge nyimbo za Azimio la Arusha, za kilimo, za sikukuu. Mwanamuziki akiondoka aliacha hata nyuzi za gita. Kiwanda cha santuri hakikuwapo nchini, kwa hiyo santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa kati ya 1977 na 1983 hali ikawa ngumu zaidi. Lakini mshahara ule uliziwezesha bendi kudumu miaka mingi, kuzunguka mikoani kwa basi na kuchanganya watu. Ndani ya bendi moja ulimkuta mtu wa Kigoma, wa Tanga, wa Ruvuma na wa Kisarawe wakitunga pamoja, na hakuna lugha ambayo wangetungia isipokuwa Kiswahili.

Nyimbo za kuhamasisha zilikuja na kupita. Zilizobaki vinywani ni zile za habari za nyumbani: mke aliyeachwa, kijana aliyesahau wazazi baada ya kuhamia mjini, rafiki aliyesaliti, barua iliyochelewa. Wimbo wa dansi huanza taratibu. Mwimbaji anaeleza kisa, anaomba ushauri, wenzake wanaitikia, magita yanasukana, na besi chini yake. Kisha linaingia chemko na maneno yanapungua; hapo ni miguu. Kwa nusu ya kwanza ukumbi mzima unasikiliza kesi kama baraza la wazee. Nusu ya pili unaicheza. Watu waliotoka koo mbalimbali, zenye desturi mbalimbali za mahari, talaka na malezi, walikuwa wanasikiliza kesi ileile na kuiamua pamoja, usiku baada ya usiku. Hakuna warsha ya umoja wa kitaifa iliyowahi kufanya hivyo.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Masantula. Maquis wakawa na Kamanyola. NUTA Jazz waliuita wao Msondo, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na baadaye kulelewa na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, wakauita Sikinde. Msondo ni ngoma ya unyagoni. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Hiyo ngoma ya asili ambayo serikali iliitafuta kwa wizara ilikuwa imeshaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, ndani ya gita la umeme na rumba ya Kikuba, ikiwa hai na watu wakiicheza wenyewe bila kuamriwa.

Na ushindani wa Sikinde na Msondo uligawa mji kama Simba na Yanga. Wanamuziki walihama huku wakarudi kule, Hassan Bitchuka akiwa miongoni mwao, na mashabiki walibishana hadi usiku. Watu huona ubishi wa aina hiyo kuwa mgawanyiko. Mimi naona kinyume. Ili nibishane nawe juu ya sauti ya Muhidin Gurumo, lazima sote tuwe tumeisikia na sote tuione ni yetu. Mgawanyiko wa Sikinde na Msondo haukufuata kabila, dini wala mkoa. Ulimpa mtu wa Dar es Salaam upande ambao baba yake hakumrithisha.

"Ugua pole"

Ukumbi unachukua watu mia chache. Nchi ilifikiwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Serikali ikaichukua mwaka 1965 na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikuwa na mshindani Tanzania Bara. Bendi zilienda studio zake kurekodi, na wimbo ukipigwa hapo ulikuwa umepigwa nchi nzima. Wakenya walikuwa na idhaa zilizotangaza kwa lugha za makabila. RTD ilitangaza kwa Kiswahili. Uamuzi huo wa idhaa ulizaa matokeo makubwa kuliko hotuba yoyote ya utamaduni.

Wenye umri wanakumbuka vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu, akaituma kwa posta. Mtangazaji aliyasoma: fulani wa Kasulu anamsalimu mjomba wake Tunduru, shangazi yake Musoma, na rafiki yake aliyeko jeshini. Halafu wimbo. Kipindi cha wagonjwa kiliitwa Ugua Pole. Jina la mgonjwa na la wodi yake lilisomwa, na watu wasiomfahamu waliosikia walisema pole, kila mmoja alipo.

Mtu asiyewahi kupanda basi kuvuka wilaya yake alikuwa anajua kwamba kuna mahali panaitwa Kasulu, kwamba huko kuna watu wenye wajomba, na kwamba wanaupenda wimbo uleule anaoupenda yeye. Ramani ya nchi aliyokuwa nayo kichwani ilichorwa kwa majina ya watu na nyimbo zao. Mwanafunzi aliyekariri mikoa darasani aliisahau. Aliyeisikia katika salamu hakuisahau.

Vita vya Kagera, kuanzia Oktoba 1978, vilionyesha jinsi njia hiyo ilivyokuwa imekomaa. Nyimbo zilitungwa, zikarushwa, na kwa siku chache zilikuwa katika mchakamchaka wa shule za msingi. Miaka mingi baada ya vita watoto ambao hawakuwa wamezaliwa bado walikimbia alfajiri wakiimba kwamba Iddi Amin akifa hawatamlilia, atatupwa Kagera aliwe na mamba. Sitaufanya wimbo huo kuwa kitu cha kujivunia tu. Wimbo unaounganisha watu dhidi ya adui unaunganisha kweli, ila unawafundisha watoto kufurahia mamba, na hizo ni sura mbili za kitu kimoja.

Nani ni wa hapa?

Kama utaifa ungekuwa damu, Remmy Ongala asingekuwa Mtanzania. Alizaliwa Kongo, Kindu, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestre Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya umaskini, kifo na ukimwi kwa ujasiri ambao wazaliwa wengi hawakuwa nao, na watu wakamwita Dokta. Alikuja kupata uraia. Lakini kabla na baada ya karatasi, mji ulikuwa umeshaamua: nenda Sinza leo, kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy, na makondakta wanakiita hivyo bila kujua wanafanya historia.

Njia hiyo ilikuwa na wanaokwenda pia. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakahamia Nairobi, na mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika. Wakenya waliwakumbatia, na nyimbo zao za Kiswahili zimekuwa sehemu ya jinsi Mkenya anavyoikumbuka miaka ile. Ni mali ya nani? Tanga itadai, Nairobi itadai, na zote zina haki. Muziki unaojenga taifa haukubali kukaa ndani ya mpaka wa taifa hilo, na anayetaka kuufungia humo ataua kilichoufanya uwe na nguvu.

Taarab inaonyesha upande mwingine wa swali. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, katika karne ya 19, alimtuma mtu Misri akajifunze muziki wa kuburudisha kasri. Kwa muda mrefu ulikuwa muziki wa Kiarabu na wa wakubwa. Aliyeutoa humo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa kijijini Fumba, aliyeimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Aliimba habari za mahakama, wanyonge na visa vya mtaani. Watu wa kawaida wa pwani nzima wakaisikia lugha yao ikitoka kwenye mashine, kwa heshima ileile ya Kiarabu.

Hata hivyo, taifa lilipokuwa linatafuta muziki wake wa asili, taarab haikuhesabiwa. Ilionekana ya Waarabu, ya mwambao, ya harusi. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila ilipendwa hadi Mombasa na Bujumbura, lakini kikundi cha taifa kilicheza sindimba. Nafasi ilikuja miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi. CCM ikawa na kikundi cha TOT (Tanzania One Theatre) kilichoongozwa na Kapteni John Komba, Khadija Kopa akatoka Zanzibar kwenda kuimba humo, na taarab ikapanda majukwaa ya kisiasa nchi nzima. Nafsi ya taifa si kitu kilichopatikana mwaka 1961 kikahifadhiwa kabatini. Kinachoitwa cha kigeni mwaka huu, miaka 30 baadaye mjukuu atakiita cha asili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bongo Fleva pia, na kwa haraka zaidi. Vijana walichukua rap ya Marekani, na watu wazima wakawaita wahuni. Redio binafsi zilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990 zikawapa hewa, na kilichoamua ni kilekile: walipoacha kurap kwa Kiingereza wakarap kwa Kiswahili cha mtaani, nchi ikawasikia. Joseph Mbilinyi, Sugu, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, Profesa Jay, akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Leo kijana wa Goma au Bujumbura anayajua maneno ya wimbo wa Tandale kuliko karani wa Dodoma. Singeli, muziki mwingine wa vijana, imeshagonga hodi, na imeshatukanwa kama ilivyo desturi.

Kanda zilizorekodiwa RTD bado zipo, sehemu kubwa yake, katika maktaba ya shirika ambalo sasa linaitwa TBC: maelfu ya kanda za sumaku za bendi, kwaya, ngoma na taarab, zilizorekodiwa wakati ambapo bendi nyingi hazikuwa na mahali pengine pa kurekodi. Joto na unyevu wa Dar es Salaam haviihurumii kanda. Nyimbo nyingi zilizomo humo hazina nakala nyingine. Waliozipiga walikuwa waajiriwa, walilipwa mshahara wa mwezi ule, na wengi wao wamekufa bila kupata mirabaha kwa nyimbo ambazo redio haijaacha kuzipiga kila Jumapili katika kipindi cha zilipendwa. Uganda, George Kakoma aliyetunga wimbo wa taifa wa nchi yake ilibidi aende mahakamani uzeeni kudai mirabaha yake. Wetu hawakufika hata huko. Kazi ya kuhamisha kanda hizo kwenda kwenye hifadhi za kidijitali inataka mashine za zamani zinazofanya kazi, mafundi wanaozijua, na wazee wachache waliobaki wanaoweza kusikiliza sekunde kumi za kwanza na kusema huyu ni nani kwenye solo.